Kifaru Hakuitaka Biskuti Yangu

Biskuti za kwanza nilizomwokea mbwa wangu zilipendeza kuliko nyingi nilizowahi kuwaokea watu. Zilikuwa na umbo la mfupa, kingo zimenyooka, rangi ya kahawia iliyoiva sawasawa, na juu ya kila moja mpwa wangu alikuwa ametoboa herufi K kwa ncha ya uma. Jiko zima lilinukia siagi ya karanga na asali. Nilizipanga kwenye sahani, nikazipiga picha, kisha nikamwita mwenyewe.

Kifaru ni mbwa wa kilo 12. Jina alipewa na huyohuyo mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 6 na aliamini kwamba mbwa akiitwa jina kubwa atakua. Hakukua. Siku hiyo ya biskuti alikuja mbio, akanusa, akaipokea kwa ncha za meno kama mgeni aliyeandaliwa chakula asichokijua huku mwenyeji anamtazama, akaondoka nayo. Tulisubiri tusikie mlio wa kutafuna. Kimya. Baada ya muda mtoto akarudi kutoka sebuleni.

"Mjomba, hajaila. Ameizika chini ya mto wa kochi."

Jioni hiyohiyo nilikuwa nakaanga maini. Kipande kimoja kilichoungua, cheusi pembeni, kisichozidi ukucha, kikadondoka sakafuni. Kifaru alikuwa amelala chumba cha pili na mlango umerudishwa. Sijui alipitaje. Alikimeza, akalamba mahali kilipoangukia, akaendelea kulamba hadi nikaona haya kwa ajili ya biskuti zangu.

Nilichukua muda kukubali kosa lilikuwa wapi. Nilikuwa nimepika kitu cha kutazamwa. Umbo la mfupa linamfurahisha nani kama si mimi? Herufi K anaisoma nani? Hata utamu wa asali niliuweka kwa ulimi wangu. Mbwa utamu anaujua, tofauti na paka ambaye kijenetiki hana uwezo wa kuuonja, lakini ulimi wake una vionjio vipatavyo 1,700 tu, wakati wetu una 9,000 hivi. Mahali alipotuzidi ni puani. Binadamu ana vipokezi vya harufu milioni 5 au 6. Mbwa, kutegemea aina yake, ana kati ya milioni 100 na milioni 300. Kwake chakula huanza kuliwa kikiwa bado chumba cha pili. Kile kipande cha ini kilichoungua kilikuwa kimempigia kelele, na biskuti yangu ya kupendeza ilikuwa inanong'ona.

Ningeacha hapo ningekuwa na akili. Sikuacha. Nilichofanya ni kuongeza siagi ya karanga maradufu na kupunguza ukubwa wa mifupa kidogo sana, na kwa sababu mbwa si mpumbavu, Kifaru akaanza kuzila. Moja asubuhi nikitoka, moja jioni nikirudi. Nyingine kwa kuwa amekaa vizuri. Nyingine kwa kuwa mvua inanyesha. Mtoto naye alikuwa na hesabu yake ambayo hakunishirikisha.

Miezi 8 baadaye tulimpeleka kuchanjwa, na mizani ikasoma kilo 14.1.

"Kaka, huyu mnampa nini?" aliuliza daktari wa wanyama, mama wa makamo ambaye hana desturi ya kupaka maneno sukari.

"Chakula chake tu, daktari. Kilekile."

"Na biskuti," akasema mpwa wangu.

Daktari hakunigombeza. Alinishika mkono, akaniambia nikunje ngumi, nipitishe vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo. Ndivyo mbavu za mbwa aliyekonda zinavyohisika. Kisha nifungue ngumi, nipapase mgongo wa kiganja: mifupa ipo, imefunikwa kidogo, huitafuti. Hivyo ndivyo mbavu zinavyotakiwa kuwa. Kisha nigeuze kiganja nipapase upande wa ndani, penye nyama. "Sasa mpapase Kifaru," akasema. Nilipapasa. Ilikuwa kiganja.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki nilikuwa nimekijaza mwenyewe kwa mkono wangu mpenzi. Nyumbani nilikaa na karatasi. Kanuni wanayoitumia madaktari ni kuchukua uzito wa mbwa kwa kilo, kuupandisha kwenye kipeo cha 0.75, kisha kuzidisha kwa 70. Hizo ni kalori za kupumua tu na kulala. Kwa mbwa mzima aliyehasiwa na mwenye maisha ya kawaida, jumla hiyo huzidishwa kwa 1.6. Kwa Kifaru wa kilo 12, yule anayetakiwa na si yule wa mizani, inakuja kama kalori 720 kwa siku. Na vitafunwa vyote, kila kitu kilicho nje ya bakuli lake, visizidi sehemu moja ya kumi. Yaani 72.

Kijiko kikubwa kimoja cha siagi ya karanga kina kalori zaidi ya 90. Biskuti yangu moja, kwa hesabu ya viungo vilivyoingia, ilikuwa na zisizopungua 80. Biskuti moja tu, na posho ya siku imeshapita. Mbili kwa siku ni sawa na mtu anayehitaji kalori 2,000 kuongezewa zaidi ya 400 juu ya milo yake yote, kila siku, kwa miezi 8, na watu wanaomfanyia hivyo wanasema wanampenda.

Hapo ndipo nilipoanza kupika vitafunwa vya mbwa kwa maana halisi. Nilijiuliza maswali mawili tu: kinanuka vya kutosha? Ni kidogo vya kutosha? Mengine yote, umbo, rangi, jina juu yake, niliyaacha yaende zake. Mpwa wangu alisikitikia herufi K kwa siku mbili.

Kabla sijafika kwenye unga na maini, kuna kopo moja lazima nilizungumzie. Lilikuwa la siagi ya karanga. Rafiki yangu aliyekuwa anapunguza uzito aliniletea kwa nia njema kabisa, akisema hii haina sukari, itamfaa mbwa wako mnene. Nilikuwa nimeshalifungua na kijiko kimo ndani. Nikageuza lebo kutafuta kalori, kwa sababu siku hizo nilihesabu kalori hadi za ndotoni, na kwenye orodha ya viungo nikaona E967.

Hiyo ni zailitoli, kitia utamu kinachowekwa kwenye vitu "visivyo na sukari": bazoka, peremende, dawa za meno, baadhi ya siagi za karanga. Kwa mtu haina shida kubwa. Kwa mbwa, kongosho hudanganyika kwamba sukari nyingi imeingia, humwaga insulini kwa fujo, na sukari ya damu huporomoka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Mbwa hulegea, huyumba, hupata degedege. Kikiwa kingi zaidi, ini nalo hufa. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa inatosha kuanzisha balaa. Kwa Kifaru hiyo ni gramu 1.2, haifiki hata theluthi ya kijiko cha chai. Kikulacho ki nguoni mwako. Hiki kilikuwa kabatini mwangu, na kijiko ndani. Tangu siku hiyo siagi ya karanga inayoingia kwangu ina kiungo kimoja kwenye lebo: karanga. Na kila kinachoingia kwenye bakuli la mbwa hukisoma kabla ya kukifungua, si baada.

Hatari nyingi za vitafunwa vya nyumbani ziko hivyo. Haziletwi na adui. Ni vitu ambavyo tunavipenda sisi, tumevizoea kwenye kuoka, na mkono unavifikia wenyewe. Chokoleti wengi wameshaisikia, lakini wachache wanajua kwamba unga wa kakao usiotiwa sukari ndio mkali zaidi kuliko vyote, kwa sababu ndiko theobromini, ile sumu yenyewe ya chokoleti, iliko kwa wingi, na mwili wa mbwa huchukua saa 17 na nusu hivi kupunguza nusu tu ya kilichoingia. Zabibu, mbichi au kavu, huua figo. Kwa miaka mingi ilikuwa fumbo kwa nini mbwa mmoja anakula konzi asiumwe na mwingine anakula chache akafa. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama nchini Marekani waliinyooshea kidole asidi ya tartari, ambayo kiwango chake hubadilika kutoka zabibu hadi zabibu. Walishtuka baada ya kuona mbwa waliokula udongo wa kuchezea wa nyumbani, ule unaofinyangwa kwa krimu ya tartari, wakiharibika figo vilevile. Kwa hiyo krimu ya tartari, kile kiungo cha keki laini, haikaribii meza ya mbwa.

Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu, na ndiyo maana mchuzi uliobaki kwenye sufuria hauwi msingi wa biskuti hata ukinukia vipi. Kungumanga hapana. Makadamia hapana, miguu ya nyuma hulegea. Na unga wenye hamira ambao haujaokwa ni hatari ya aina yake: tumbo la mbwa lina joto zuri la kuumulia, kwa hiyo unga huendelea kuumuka humo ndani, huku hamira ikitengeneza pombe. Mbwa akiiba donge lililokuwa linasubiri kuumuka, usingoje uone. Kwenye mapishi yangu hamira haimo kabisa, wala baking poda, kwa sababu hakuna haja. Nani kasema kitafunwa cha mbwa lazima kiumuke?

Sasa maini.

Ini ndilo siri yote, na ningeweza kuishia hapo. Gramu 100 za ini, lolote utakalopata, lichemshwe kwenye maji kidogo bila chumvi mpaka kusiwe na uwekundu ndani. Maji yake usimwage. Lisage ini pamoja na vijiko vichache vya maji hayo hadi liwe rojo zito la rangi ya matope. Litanuka. Fungua dirisha. Kwenye rojo hilo changanya yai moja, gramu 100 za boga lililochemshwa na kupondwa, na gramu 200 za oti zilizosagwa kuwa unga. Oti nazisaga mwenyewe kwenye blenda, ni kazi ya dakika moja. Donge likishika mikono ongeza unga; likikatika-katika ongeza maji ya ini, kijiko kwa kijiko. Boga hutofautiana sana kwa maji, hivyo usishangae vipimo vikikukana.

Chumvi hakuna. Sukari hakuna. Asali niliiaga.

Kuna atakayesema ini lote hilo litamletea mbwa vitamini A kupita kiasi, na hoja yake ni ya kweli: ini lina vitamini A nyingi, na mbwa anayelishwa ini kila siku kama chakula huharibika mifupa. Lakini gramu 100 zinagawanyika kwenye vipande mamia, tutaona sasa hivi. Ambaye mbwa wake ana ugonjwa wa ini, au ni wa aina kama Dalmatian wanaopata mawe ya asidi ya uriki, huyo aliache ini kabisa, atumie kuku au samaki asiye na miiba.

Donge lisukume katikati ya karatasi mbili za kuokea hadi unene wa nusu sentimita. Ondoa karatasi ya juu. Kisha, na huu ndio uamuzi ulionifanya niache mifupa na herufi, chukua kisu kirefu ukate mistari ya wima na ya mlalo, sentimita moja na nusu kwa moja na nusu. Hupati makombo ya kusukuma upya, hupotezi nusu saa na vikatio. Inatoka sinia moja ya vipande 350 hivi. Jumla ya kalori za viungo vyote ni kama 1,040, kwa hiyo kila kipande ni kalori 3. Kifaru anaweza kupewa 24 kwa siku na bado tuko ndani ya ile 72. Ishirini na vinne! Kutoka kwenye biskuti isiyofika moja. Mpwa wangu aliposikia hivyo alisahau K.

Oka kwa nyuzi 170 za Selsiasi, dakika 20 hivi, hadi juu pakauke. Wengi huishia hapo, nami mwanzoni niliishia hapo, nikavijaza vikiwa bado vuguvugu ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, nikajisifu. Siku ya tano nilifungua nikakuta manyoya meupe yenye kijani katikati. Nusu sinia, kazi ya jioni nzima.

Kilichotokea hakina uchawi. Biskuti za dukani hukaa miezi kwa sababu zimekaushwa hadi maji yaliyobaki hayatoshi ukungu kuishi, na nyingine zimetiwa dawa za kuzuia. Zangu zilikuwa na boga na ini na unyevu wake, na kwa kuzifungia na mvuke wake nilikuwa nimewajengea ukungu nyumba. Vitu vilivyoota ukungu usimpe mbwa kwa kusema "tumbo lake gumu". Ukungu wa aina fulani hutoa sumu inayomtetemesha mwili mzima. Usivitupe pia kwenye pipa analolifikia. Mimi nilivitupa kwenye pipa analolifikia, na tulifukuzana kuzunguka nyumba.

Dawa yake ni uvumilivu. Vikishaiva, shusha oveni hadi nyuzi 100, tenganisha vipande vilivyoshikana, virudishe kwa saa moja na nusu hadi mbili, mlango ukiwa umebanwa na kijiko cha mti ili mvuke utoke. Kisha zima, viache humohumo usiku kucha. Asubuhi chukua kimoja ukivunje. Kikipinda kabla ya kuvunjika, bado. Kikivunjika "tak", tayari. Hivi hukaa wiki mbili tatu kwenye kopo kavu bila wasiwasi. Visivyokaushwa hivyo ni vya jokofuni, siku tatu au nne, au friza, ambako miezi miwili si tatizo. Usiku ule wa kukaushia, kwa kweli, nyumba inanuka ini hadi kwenye mapazia. Sijapata namna ya kulisema hili kwa uzuri.

Na kuna kukausha kupita kiasi. Kitafunwa ambacho ukucha wa kidole gumba hauwezi kukiachia alama ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Nilijifunza hilo kwa viazi vitamu, ambavyo nilivikata vipande vinene nikavisahau ndani hadi vikawa kama kokoto. Kata vyembamba, milimita 5, nyuzi 120, saa mbili na nusu, ukivigeuza katikati. Vitoke vikiwa kama ngozi laini. Hiyo ndiyo zawadi yangu kwa mbwa wa watu wengine, kwani mbwa wengi wenye mzio wa chakula husumbuliwa na nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku au ngano, na kiazi kitamu si miongoni mwao. Hata hivyo huwa namuuliza mwenye mbwa kwanza. Mbwa hawezi kukuambia alikuwa na miadi ya kupimwa sukari.

Juu ya nafaka huwa naulizwa sana, kwamba mbwa ni mnyama wa nyama, unga wa nini. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha jeni za mbwa na za mbwa mwitu, wakakuta jeni inayosaidia kumeng'enya wanga, iitwayo AMY2B, ambayo mbwa mwitu wanayo nakala mbili, kwa mbwa imeongezeka hadi 4, wengine hadi 30. Kuishi na sisi na mabaki yetu kumewabadilisha hadi kwenye damu. Na biskuti ya mbwa yenyewe ina historia ya kuchekesha: inasimuliwa kwamba Mmarekani mmoja, James Spratt, aliyekwenda Uingereza kufanya biashara, aliona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, akapata wazo. Kufikia miaka ya 1860 alikuwa anauza "keki za mbwa" London, za ngano, mboga na nyama, na wateja wake walikuwa waungwana wenye mbwa wa kuwindia. Kijana mmoja aliyeajiriwa kwenye kampuni hiyo, Charles Cruft, ndiye aliyekuja kuanzisha maonyesho ya mbwa ya Crufts mwaka 1891, yanayofanyika hadi leo. Yote yameanzia kwenye biskuti ambayo baharia hakuitaka. Nafaka, basi, sina ugomvi nayo, ilimradi isiwe ndiyo inayonuka zaidi.

Nisieleweke kwamba napika kwa kuwa duka ni sumu. Ni kweli yametokea mambo: nchini Marekani, kuanzia 2007, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilipokea maelfu ya malalamiko ya mbwa walioumwa baada ya kula vitafunwa vya nyama kavu, na miaka ya uchunguzi haikukipata kisababishi. Lakini jikoni kwangu pia pametokea mambo, nimeshayasimulia. Tena kitafunwa na chakula ni vitu viwili. Mwaka huohuo wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima mapishi 200 ya chakula kamili cha mbwa kutoka vitabuni na kwingineko, na asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Mengi yaliandikwa na watu wanaowapenda mbwa wao kama mimi. Ile sehemu moja ya kumi nachezea; zile tisa nimeziacha kwa wanaojua.

Napika kwa ajili ya udogo. Hicho ndicho kitu ambacho sikukipata kwingine. Kitafunwa cha kalori 3 kimebadilisha namna ninavyozungumza na Kifaru. Zamani biskuti moja kubwa ilikuwa tukio: anaipokea, anaondoka nayo, anajificha nayo, mazungumzo yamekwisha. Sasa nina vipande kumi mfukoni, na kila kimoja ni neno. Umeitikia ulipoitwa: kipande. Umemwona paka ukanitazama mimi badala ya kumkimbiza: kipande, na upesi, kwa sababu kikichelewa sekunde chache anadhani amelipwa kwa kujikuna. Kinamezwa mara moja, anatazama tena, tunaendelea. Nilimfundisha kulala chini akiwa na miaka 4, wakati kila mtu alishaniambia mbwa huyu kichwa chake kimejaa mchanga. Kichwa hakikuwa na mchanga. Mwalimu alikuwa analipa mshahara wa mwezi mzima kwa kila herufi.

Uzito ulirudi 12 baada ya miezi 7. Daktari alimpapasa, akapapasa mgongo wa kiganja chake mwenyewe, akanikonyeza. Hakusema kitu.

Mwaka jana Kifaru alipoteza jino la nyuma, na sasa yuko na miaka 8 na ushei. Mpwa wangu ana 14, anakuja likizo, na sinia la maini ni lake. Mimi nimebaki wa kufungua madirisha. Oveni inapozimwa huwa inalia tik, tik, tik ikipoa, na Kifaru hujisogeza akakaa mbele ya kioo chake, ute umening'inia. Mwanafiziolojia Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji, aliona mbwa wake wakidondokwa mate kwa kumwona tu mhudumu aliyezoea kuleta chakula. Wetu anadondokwa kwa ajili ya chuma kinachopoa. Wakati mwingine oveni hiyo ilikuwa na mkate tu. Tunamwomba radhi.

Kwa sababu ya jino, vipande vikavu tunavilowesha. Mtoto anaweka vinne kwenye kibakuli, anamimina maji ya uvuguvugu, anasubiri dakika tano hadi vilainike. Maji hugeuka rangi, harufu ya ini inapanda na ule uvuguvugu, na Kifaru anatoka popote alipo. Hunywa maji kwanza, taratibu, hadi tone la mwisho. Vile vipande vinne vinabaki chini ya kibakuli vikimsubiri.